Zimbra 8.8.15 ya kampuni imefika mwisho: tunahamiaje toleo jipya bila kupoteza barua?

TehamaBandarini (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Nasimamia TEHAMA kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar, tuna tawi Tunduma. Barua pepe zetu zote ziko kwenye Zimbra 8.8.15 (programu ya seva ya barua pepe), ile ya bure, juu ya CentOS 7 (mfumo endeshi wa Linux), kwenye seva yetu wenyewe ofisini. Akaunti ni kama 150 na diski imeshajaa karibu GB 900. Kila kitu kinapita humo: nyaraka za meli, ankara, majibu ya wateja wa Lubumbashi na Lusaka, kalenda ya zamu za maafisa wanaokwenda bandarini, na folda moja ya pamoja ya idara ya utoaji mizigo ambayo kila mtu anaifungua asubuhi kabla hata ya kuvua koti.

Msaada wa 8.8.15 uliisha 31 Desemba 2023. CentOS 7 nayo ikafuata 30 Juni 2024. Juzi nilitaka kuongeza kifurushi kidogo tu cha programu, yum inayosakinisha vifurushi ikagoma ikisema haipati mirrorlist.centos.org. Hapo ndipo nilipoona kwamba hili halingoji tena.

Uongozi umekubali kununua seva mpya. Mkurugenzi ameniuliza mambo mawili: barua zitasimama kwa muda gani, na je, kuna kitakachopotea? Sitaki kumpa jibu la kubahatisha.

Je, nipandishe toleo juu kwa juu kwenye mashine ileile, au nijenge mpya pembeni? Aliyewahi kuifanya kazi hii aniambie hasa panapouma. Nawasilisha.

---

Mgeni_Njiani

Mkuu, kwa nini ujitese? Hamieni klaudi ya Google au Microsoft, mmalize.

---

TehamaBandarini

Tuliliangalia hilo mkuu, na si wazo baya. Ila akaunti 150 zinazolipiwa dola kila mwezi, nyingi ni za madereva na makarani wanaopokea barua chache kwa siku, zilimshinda mhasibu. Pili, intaneti ya tawi inayumba, na makao makuu ikikatika leo watu bado wanaandikiana ndani kwa ndani. Tatu, mwanasheria wetu anataka kwanza aisome vizuri Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa sasa tunabaki na seva yetu.

---

FundiBarua

Nimehamisha Zimbra za taasisi kadhaa, nitakueleza ninavyofanya.

Usipandishe juu kwa juu. Inawezekana, sikatai. Ukiendesha install.sh, hati ya kusakinisha Zimbra, juu ya toleo la zamani inalitambua yenyewe, inakuuliza kama ikague hifadhidata ya barua, kisha inaendelea. Lakini ikikwama katikati saa nane usiku, una mashine moja tu, haiko upande wa zamani wala upande mpya, na watu wanaingia kazini saa mbili asubuhi. Hata ikifanikiwa, chini yake bado kuna CentOS 7 isiyopata viraka. Jenga seva mpya juu ya Ubuntu 22.04 (Linux nyingine), ya zamani iendelee kufanya kazi, uhamishe watu kidogo kidogo.

Na mwambie mkurugenzi kwa nini hamwezi kukaa mlipo, kwa lugha atakayoielewa. Mwaka 2022 Zimbra ilikutwa na tundu lililopewa namba CVE-2022-41352. Mfumo wa kuchuja barua ulikuwa unafungua viambatisho vilivyofungashwa kwa kutumia programu ya zamani iitwayo cpio, na mtu aliweza kutuma barua moja yenye faili iliyotengenezwa kwa hila, ikijifungua inajiweka yenyewe mahali ambapo tovuti ya seva inasoma faili zake. Hakuna mfanyakazi aliyehitaji kubonyeza chochote. Barua ikifika tu, mgeni yuko ndani. Seva za Ubuntu nyingi zilinusurika kwa sababu tu zilikuwa na programu nyingine, pax, inayofanya kazi hiyohiyo kwa usalama zaidi. Za CentOS nyingi hazikuwa nayo.

Kisha 2023 ikaja CVE-2023-37580, hii ya kuiba barua kupitia kiungo unachokibonyeza ukiwa umeingia kwa kivinjari. Watafiti wa usalama wa Google waliandika kwamba ilitumika dhidi ya taasisi za Ugiriki, Moldova, Tunisia, Vietnam na Pakistan. Kinachonitisha mimi ni hiki: rekebisho liliwekwa wazi kwenye GitHub, tovuti ya misimbo ya programu, mwanzoni mwa Julai, kiraka rasmi kikatoka mwishoni mwa mwezi, na mashambulizi mengi yalikuja baada ya rekebisho kuonekana. Wavamizi nao husoma viraka. Kila toleo jipya linapotoka, maelezo yake ni ramani ya matundu yaliyobaki kwenye toleo lako. Septemba 2024 ikafuata CVE-2024-45519. Hiyo bado ilipata kiraka cha 8.8.15 ingawa muda wa msaada ulikuwa umekwisha. Usitegemee huruma ya namna hiyo kila mara.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Barua si sehemu ngumu. Barua zinahamishwa na programu iitwayo imapsync: unaielekeza seva ya zamani na mpya, unatumia nywila ya msimamizi upande wa zamani ili usimsumbue mtu kwa nywila yake, inanakili folda moja moja na kuhifadhi alama za kusomwa na kutosomwa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuirudia. Mzunguko wa kwanza unachukua siku kadhaa watu wakiendelea na kazi. Wa pili unachukua tofauti tu. Wa mwisho, usiku wa kuhama, ni dakika chache kwa kila akaunti.

Kinachouma ni vitu vinavyoning'inia kwenye barua. imapsync haijui kalenda. Haijui majina na anwani. Haijui nani amempa nani ruhusa ya kuona folda. Haijui saini, majina mbadala, orodha za kusambaza barua, wala kanuni za kuchambua barua zinapoingia. Mtu hatakulalamikia kwamba barua ya 2017 haionekani. Atakulalamikia saa mbili na dakika tano kwamba kalenda ya zamu ni tupu.

Kalenda na majina yatoe kwa amri ya zmmailbox yenye getRestURL, unapata faili ya tgz kwa kila folda, upande wa pili unaiingiza kwa postRestURL. Kanuni za kuchambua ziko kwenye sifa iitwayo zimbraMailSieveScript, zisome kwa amri ya zmprov uziandike upya kule. Nywila zisikutishe: zimehifadhiwa zikiwa zimefumbwa kwenye LDAP, yaani orodha ya akaunti za seva, unazichukua hivyohivyo zilivyofumbwa na kuziweka kwenye akaunti mpya. Mtu anaingia na nywila yake ileile bila wewe kuijua. Ruhusa za folda za pamoja ndizo za mkono. Kaa na mkuu wa kila idara, andikeni nani anaona nini. Utagundua na walioacha kazi miaka mitatu iliyopita bado wana ruhusa.

Jambo la diski, kwa sababu umetaja GB 900. Zimbra barua moja ikienda kwa watu thelathini, huhifadhi nakala moja na wengine wote wanaielekea hiyohiyo. Ukihamisha kwa akaunti moja moja, ule ushirika unavunjika na kila mtu anapata nakala yake. Kampuni yenye mazoea ya kutuma nyaraka kwa "wote" inaweza kushangaa. Nunua diski yenye nafasi ya kutosha, angalau maradufu ya ulichonacho, usinunue kwa kipimo cha leo.

---

TehamaBandarini

Mkuu, umenifungua macho, hasa hapo kwenye ruhusa na diski. Swali la mkurugenzi bado: usiku wa kuhama, barua zinazotumwa na wateja wakati huo zinakwenda wapi? Meli zinafika usiku, mawakala wa meli wanaandika saa yoyote.

---

FundiBarua

Haziendi popote, zinangoja kwa mtumaji. Ndivyo SMTP, utaratibu wa seva kupelekeana barua, ulivyoundwa. Seva ya mtumaji ikikuta yako haijibu, inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. RFC 5321, waraka wa kanuni zake, inashauri isikate tamaa mpaka siku nne au tano zipite. Kwa hiyo usiku wa kuhama unafunga poti 25, mlango wa barua zinazoingia, makusudi. Seva iliyofungwa ni salama kuliko seva iliyo wazi inayopokea barua na kuziweka upande ambao umeshamaliza kuunakili. Cha hatari si kuzima, cha hatari ni kujibu vibaya: seva mpya ikiwa wazi kabla hujatengeneza akaunti zote, itamwambia mtumaji kwamba mtu huyo hayupo, na barua itarudishwa palepale. Huyo hajaribu tena.

Lakini huna haja ya kuhamisha watu wote usiku mmoja. Zimbra inaruhusu domeni moja ikae kwenye seva mbili. Unatengeneza akaunti zote pande zote mbili, kisha kwa kila akaunti unaandika zimbraMailTransport inayosema barua zake zinakaa wapi. Barua zote zinaendelea kuingia kwa seva ya zamani kama kawaida. Aliyehama, seva ya zamani inampelekea barua yake kwenye mpya. Ambaye hajahama, seva mpya inairudisha barua yake kwenye ya zamani. Mteja wa Lusaka haoni tofauti yoyote.

Sharti moja: kalenda na folda za pamoja hazivuki kati ya seva hizo mbili. Kwa hiyo usihamishe watu kwa alfabeti wala kwa ukubwa wa akaunti. Hamisha idara nzima pamoja, na wanaoshirikiana folda wahame usiku mmoja. Ile idara yako ya utoaji mizigo usianze nayo. Anza na watu wa TEHAMA wenyewe, kisha utawala, wakae wiki nzima, ndipo uende kwenye moyo wa kampuni.

---

MhasibuMwandamizi

Samahani naingilia, mimi si mtu wa TEHAMA, ni mhasibu. Nimesoma uzi huu wote kwa sababu kwetu walihamisha barua mwaka juzi na nataka mleta mada asirudie yaliyotokea.

Sisi idara ya fedha tulikuwa tunatumia Outlook iliyowekwa kwa POP3, njia ya kushusha barua kwenye kompyuta yako, kila mtu kwenye kompyuta yake, tangu zamani. Wengine tulikuwa tumeweka barua zibaki kwenye seva, wengine zilikuwa zinafutwa seva zikishashuka. Hakuna aliyetuuliza. Usiku wa kuhama ukapita, asubuhi waliokuwa wanabakiza barua kwenye seva wakaanza kushushiwa barua zote upya, za miaka yote, juu ya zile walizokuwa nazo. Ankara moja unaiona mara mbili, hujui ipi umeishughulikia. Mwenzangu mmoja alikuwa karibu kulipa msambazaji mara mbili siku hiyo. Na wale ambao seva ilikuwa haina kitu chao, barua zao zilikuwa ndani ya laptopu tu. Moja ya laptopu hizo ilikuwa imeshabadilishwa mwezi uliotangulia.

Naomba sana, kabla hujagusa seva, pita dawati kwa dawati. Mwambie mtu afungue mpangilio wa Outlook mbele yako. Usiulize kwa barua, watu hawajui POP3 ni nini, watakujibu "iko sawa".

Kingine, mfumo wetu wa mishahara ndio uliokuwa unatuma hati za malipo kwa wafanyakazi kupitia seva hiyo. Nao ulisahaulika. Tuligundua tarehe 25.

---

FundiBarua

Dada, shukrani sana, hili ni zito kuliko nusu ya niliyoandika mimi. Ni kweli kabisa: kwa POP3 kila barua ina namba ya utambulisho ambayo seva inaitoa. Seva mpya inatoa namba mpya, Outlook inaziona zote ni barua ngeni. Dawa ni kuwahamishia IMAP, ambako barua zinabaki kwenye seva, wiki mbili kabla, wakiwa bado kwenye seva ya zamani, na zile zilizo kwenye faili ya pst (hifadhi ya Outlook) ndani ya laptopu zipandishwe seva kwanza. Baada ya hapo wanahama kama wengine.

Hata walio kwenye IMAP watashusha nakala upya mara ya kwanza, ila haitajirudia mara mbili. Ofisini kwa waya si tatizo. Tunduma ni tatizo. Waambie wa tawi wapunguze Outlook ishushe barua za miezi mitatu tu, na wahame Ijumaa jioni ili ishuke wikiendi.

---

Nyali_IT

Salamu kutoka Mombasa. Naongezea upande wa nje, yaani jinsi dunia inavyokuona, kwa sababu hapa ndipo wengi huhama salama halafu barua zao zinaishia kwenye spamu ya wateja.

Anwani ya IP ya seva yako ya zamani imejenga jina kwa miaka. IP mpya haina historia na inatiliwa shaka. Ukiweza, muombe mtoa huduma wa intaneti uhamishie seva mpya IP ileile siku ya mwisho. Usipoweza, barua zinazotoka zipitishe kwenye seva ya zamani kwa wiki kadhaa huku mpya ikianza kutuma kidogo kidogo. Na PTR, yaani jina linalorudi mtu akiuliza IP yako ni ya nani, huwezi kuiandika mwenyewe, ni ya mtoa huduma. Peleka ombi mapema kwa maandishi na ulifuatilie. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) pamoja na PTR inayolingana, na wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na vyote pamoja na DMARC, sera ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo. Wateja wengi wadogo wa mizigo wako Gmail, kwa hiyo hili linakuhusu.

DKIM ya seva mpya itakuwa na ufunguo mpya. Iweke kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, kabla ya kuhama na usiifute ya zamani, maana barua zilizo njiani bado zimesainiwa nayo. TTL ya rekodi zako, yaani muda ambao wengine wanazikumbuka, ishushe mpaka sekunde 300 siku mbili kabla.

Cheti cha usalama: ukitumia Let's Encrypt, watoa vyeti vya bure, programu yao ya certbot siku hizi hutoa ufunguo wa aina ya ECDSA bila kukuuliza, na zmcertmgr, chombo cha vyeti cha Zimbra, inataka aina ya RSA. Ongeza --key-type rsa, na kwenye mnyororo wa vyeti ongeza cheti cha mzizi cha ISRG Root X1 mwishoni. Bila hivyo itakataa na ujumbe wake hausemi wazi tatizo ni nini.

---

Mzee_wa_Seva

Vijana mmeeleza vizuri ufundi. Mimi niseme la leseni, kwa sababu kichwa cha uzi kinasema toleo jipya na hakuna aliyegusa kwamba toleo jipya la bure, lililofungashwa tayari na wenyewe, halipo. Kuanzia Zimbra 9 kampuni iliacha kutoa vifurushi vya bure. Msimbo wa chanzo upo wazi, ukitaka ujijengee. Ukitaka Zimbra 10 iliyofungwa vizuri, unalipia.

Zimbra imepita mikono mingi. Yahoo waliinunua 2007 kwa dola milioni 350, VMware wakaichukua 2010, Telligent 2013, Synacor 2015. Kila mkono ulikuwa na hesabu zake. Simshauri mtu aikimbie, ni programu nzuri na nimeishi nayo. Nasema usipange kana kwamba masharti ya leo yatabaki miaka kumi.

Kwa hiyo mleta mada, una njia tatu. Ulipie Zimbra 10 na kupata msaada. Ujenge kutoka kwenye chanzo, na kila kiraka kikitoka ujenge tena, jambo linalohitaji mtu wa kulifanya hata wewe ukiwa likizo. Au uende Carbonio ya Zextras wa Italia, iliyotoka kwenye msimbo huohuo wa Zimbra na ina toleo la jamii la bure. Mimi kwa kampuni yenye watu 150 na fundi mmoja, ningelipia. Fundi mmoja akiugua, kampuni nzima inabaki bila kiraka.

---

FundiBarua

Mzee, hapo kwa heshima natofautiana kidogo. Kulipia leseni bila kumfundisha mtu wa pili ni tatizo lilelile, ila ghali. Kama bajeti ni ya kimoja, ningefundisha mtu wa pili kwanza na kuchukua Carbonio. Lakini nakubali kabisa kwamba kujijengea kutoka kwenye chanzo si kazi ya mtu mmoja.

---

TehamaBandarini

Wakuu, mrejesho. Nimewasilisha yote kwa uongozi, wamekubali Zimbra 10 kwa leseni, na karani wa TEHAMA anajifunza nami kila hatua. Dada mhasibu, nimepita dawati kwa dawati kama ulivyosema. Idara ya fedha kumi na mmoja wako POP3, na wawili hawana chochote kwenye seva. Barua zao za miaka sita ziko kwenye pst. Nashukuru mno, nisingejua.

TEHAMA na utawala wameshahama na wanaendelea vizuri. Nimekwama sehemu moja: mashine za fotokopi. Zilikuwa zinaskani na kutuma kwa barua pepe, sasa zikielekezwa seva mpya zinaandika tu kwamba zimeshindwa kuunganika. Ni za zamani, mtengenezaji hatoi sasisho tena. Na seva ya zamani niizime lini?

---

FundiBarua

Mashine hizo zinajua TLS 1.0 tu, usimbaji wa kizamani, na seva mpya haikubali. Usishushe usalama wa seva nzima kwa ajili ya fotokopi. Zipe IP zisizobadilika, ziandike IP hizo moja moja kwenye zimbraMtaMyNetworks, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma bila nywila, kisha kwenye mashine yenyewe ondoa usimbaji na nywila, itume kwa poti 25 ndani ya mtandao wa ofisi. Andika IP za mashine tu. Usiandike mtandao mzima wa ofisi, maana laptopu moja ikipata kirusi itatuma spamu kwa jina lenu bila kuulizwa nywila. Fanya hivyohivyo kwa mfumo wa mishahara na ule wa ankara, na ujaribu wa mishahara kabla ya tarehe 25.

Seva ya zamani usiizime bado. Idara ya mwisho ikishahama, elekeza MX, rekodi ya DNS inayosema barua ziingie seva ipi, kwenye mpya, angalia kumbukumbu za zamani kwa wiki mbili. Utaona nani bado anaigonga: simu ya mkurugenzi, kamera, mfumo wa mtu uliosahaulika. Kila kimoja kihamishe. Ikipita wiki nzima bila kugongwa, ichukulie bakapu kamili, kwa programu ya kunakili rsync yenye -H ili zile barua za nakala moja zisijizalishe, ihifadhi bakapu nje ya jengo, ndipo uchomoe waya wa mtandao. Diski zake zikae kabatini kwa muda ambao mwanasheria wenu atasema.